Kwa nini uyoga hukosa kofia gizani

Chukua mifuko miwili ya uyoga mamama iliyojazwa siku moja: mabua ya mpunga yaleyale, mbegu ya chupa ileile, mikono ileile iliyofunga kamba. Mmoja unatundikwa kwenye banda lenye dirisha. Mwingine unasahaulika stoo, mlango umefungwa. Baada ya wiki nne hivi, wa bandani unachanua kofia pana za kijivu zilizopangana kama vigae. Wa stoo unatoa kitu kinachofanana na tumbawe: vijiti vyeupe, virefu, vyenye matawi, na juu hakuna kofia hata moja. Mwenye mifuko anampigia simu aliyemuuzia mbegu na kumlaumu. Mbegu haina kosa. Mfuko wa stoo haukupata habari tu kwamba umefika nje.

Habari hiyo huletwa na mwanga, hasa mwanga wa buluu, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Wako wanaoamini kuwa uyoga ni zao la giza, mwanga unauharibu. Wako wengine, na hawa wanaongezeka, walioambiwa kuwa uyoga hauzai bila taa maalumu za zambarau zinazouzwa kwa bei ya mbuzi. Halafu kuna wanaosikia "mwanga wa buluu" na kukumbuka miwani ya kukinga macho na simu, wakadhani ni jambo lilelile. Kila kundi limeshika kipande cha ukweli na kukivuta upande wake.

Tuanze na maneno. Kuvu ni ukoo mzima: ukungu wa kwenye mkate, hamira ya maandazi, uyoga wa porini na wa bandani. Mwili wa kuvu nyingi ni nyuzi nyembamba sana zinazotambaa ndani ya kile zinachokila, iwe gogo, samadi au mabua. Wakulima huziita utandu. Uyoga unaouchuma ni tunda la utandu huo, kama embe kwa mwembe, na kazi ya tunda ni kumwaga spora, chembe zinazofanya kazi ya mbegu na kupeperushwa na hewa. Ama mwanga wa buluu, huo umo ndani ya mwanga wa kawaida wa jua. Upinde wa mvua unaonyesha kuwa mwanga mweupe ni rangi nyingi kwa pamoja, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Buluu iko karibu na nanomita 450, nyekundu karibu na 650. Chini ya 400 jicho letu halioni tena. Huko ndiko iliko miale ya urujuanimno, ile inayoitwa UV.

Mchicha unatumia mwanga kutengeneza chakula. Kuvu haina ukijani, haiwezi kazi hiyo. Chakula chake kimo kwenye mabua. Kwa hiyo mwanga kwake ni kama kengele ya shule. Kengele haimshibishi mwanafunzi, lakini ikilia kila mtu anajua ni wakati wa kufanya nini. Ukiielewa hiyo utaelewa pia kwa nini kuongeza taa maradufu hakuongezi kilo: kengele iliyokwisha kusikika haisikiki zaidi kwa kupigwa kwa nguvu.

Na kwa nini kuvu ijali kengele hiyo? Maisha yake mengi yanapita ndani ya giza, katikati ya gogo au chini ya udongo. Spora zikimwagwa humo haziendi popote. Ni lazima ijue imefika usoni mwa gogo, palipo na hewa, kabla ya kugharimia tunda. Mwanga ni dalili nzuri kwamba imefika. Pia ni onyo, maana palipo na buluu ya mchana pana jua, na palipo na jua pana UV inayochana DNA. Ndiyo maana kuvu kadhaa zikiguswa na mwanga wa buluu huanza papo hapo kujitengenezea rangi ya kujikinga na vimeng'enya vya kukarabati DNA, kama mtu anayevaa kofia kabla hajatoka mlangoni.

Sasa jicho lenyewe, lile ambalo kuvu huonea mwanga huo. Usitafute mboni, ni protini moja iliyomo ndani ya chembe hai, na kifaa chake cha kunasa mwanga kimetengenezwa kwa vitamini B2. Ndiyo, ileile ya maziwa na maini. Ukimeza vidonge vya vitamini B mkojo unakuwa wa njano kali: hiyo ndiyo B2. Inaonekana ya njano kwa sababu inameza buluu na kurudisha rangi zinazobaki. Kuvu huigeuza B2 kuwa kemikali iitwayo FAD na kuiweka kwenye kijimfuko ndani ya protini. Gizani FAD imekaa tu humo, haijashikana na kitu. Ikipigwa na buluu inajifunga kwenye protini kama komeo linavyoingia kwenye tundu lake, na umbo la protini nzima linabadilika. Protini hiyo iko juu ya DNA, pamoja na mwenzake, hivyo umbo likibadilika jeni zilizokuwa zimelala zinaamshwa. Kazi yote huchukua dakika chache.

Protini hizo mbili zinaitwa WC-1 na WC-2, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kola nyeupe", na jina hilo lina kisa chake. Kuvu iliyotumika kuzigundua ni Neurospora crassa, ukungu wa rangi ya chungwa. Jamaa zake huota kama unga wa chungwa kwenye magunzi ya mahindi ya kuchemsha yaliyotupwa, na wakulima wa uyoga wanaufahamu vizuri kwa sababu huvamia mifuko iliyopikwa vibaya na kusambaa kwa siku mbili tu. Utandu wa Neurospora ukipata mwanga hugeuka chungwa. Maabara zikapata aina zenye kasoro ambazo utandu wake unabaki mweupe hata mwangani, huku spora za juu zikiwa chungwa kama kawaida. Kwenye mrija wa kioo unaona ukingo mweupe chini ya kilele cha chungwa, kola hasa. Jeni ya WC-1 ilisomwa mwaka 1996, na mwaka 2002 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yakaonyesha kuwa WC-1 yenyewe ndiyo inayonasa mwanga.

Baada ya hapo jicho hilohilo, kwa majina tofauti, limekutwa kwenye kuvu nyingine nyingi: Trichoderma, adui wa mabanda, Cryptococcus, inayosababisha homa ya uti wa mgongo kwa wenye kinga dhaifu, Phycomyces, na uyoga wa samadi uitwao Coprinopsis cinerea, ambao jeni yake ikiharibika unaota shina refu lisilo na kofia ya maana hata ukiwekwa mwangani. Si kuvu zote zinalo. Hamira haina, kwa hiyo unga wako utaumuka vilevile kabatini au barazani. Na ziko zinazoona zaidi ya buluu: Aspergillus nidulans ina kipokezi cha nyekundu pia. Kuhusu miwani ya simu, macho yetu hutumia kemikali ya ukoo wa vitamini A. Rangi ni moja, mtambo ni mwingine.

Ukitaka kuona jicho hili likifanya kazi bila maabara, tafuta samadi mbichi ya farasi, punda au ng'ombe. Weka kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ifunike isikauke, kisha izungushie karatasi nyeusi yenye tundu moja la ukubwa wa sarafu ubavuni. Iache kivulini. Ndani ya wiki moja hivi hutokea vijishina vya kioo, urefu wa sentimita moja au mbili, kila kimoja na kibofu cha maji juu na kifuko cheusi cha spora kilichokaa kama kofia. Hii ni Pilobolus. Kibofu kile hufanya kazi ya lenzi: mwanga ukiingia kwa upande, unaangukia mahali panapofanya shina lijipinde mpaka kibofu kielekee sawasawa kwenye tundu. Kisha kibofu kinapasuka na kurusha kifuko, mara nyingine hadi mita mbili. Fungua karatasi, utakuta madoa meusi yamesongamana kwenye kioo pale penye tundu kama nzi kwenye embe. Malishoni tundu hilo ni uwazi kati ya majani: anayelenga mwanga anarusha nje ya samadi, kwenye nyasi atakazokula ng'ombe mwingine. Minyoo ya mapafu ya ng'ombe imeligundua hilo. Viluwiluwi vyake hupanda juu ya Pilobolus na kurushwa pamoja na spora. (Osha mikono.)

Phycomyces nayo hujipinda kufuata mwanga, na jinsi inavyofanya inafurahisha. Shina lake ni kama bomba la kioo, linakusanya mwanga kwenye ukuta wa nyuma. Ukuta wa nyuma unakua haraka kuliko wa mbele, basi shina linainama mbele, kwenye mwanga. Ukilizamisha kwenye mafuta mazito ya parafini ambayo yanapindisha mwanga kuliko shina lenyewe, lenzi inageuka kinyume na shina linakimbia mwanga. Max Delbrück, aliyepata Nobel mwaka 1969 kwa utafiti wa virusi vya bakteria, alitumia miaka mingi kwenye kuvu hii.

Turudi bandani, kwenye fedha. Kwa uyoga mamama na jamaa zake, maisha ya mfuko yana vipindi viwili vyenye mahitaji tofauti. Cha kwanza ni cha utandu kuenea, kati ya wiki mbili na nne kwenye joto la nyuzi 24 hadi 28. Hapa mwanga hauhitajiki, na ukiwa mwingi unapunguza kasi ya utandu na kuuchochea kuzaa kabla ya wakati: unakuta vichwa vidogo vimebanwa chini ya plastiki, vinaoza humo na kualika bakteria. Ndiyo maana kuna chumba cha giza. Lakini giza la kaburi si lazima. Chumba chenye mwanga hafifu kinatosha. Hatari kubwa zaidi ni jua linaloangukia mfuko moja kwa moja, kwa sababu ya joto.

Kipindi cha pili huanza mfuko ukishakuwa mweupe wote. Hapo ndipo unatoboa au kufungua, unaleta hewa safi, unyevu wa asilimia 80 hadi 95, na mwanga wa saa 12 hivi kwa siku. Kiasi? Mapendekezo mengi huanzia luksi 200 na kufika 1,000. Kipimo cha babu ni hiki: simama pale mifuko ilipo, fungua gazeti. Ukisoma maandishi madogo bila kukaza macho, uko salama. Programu za kupimia mwanga kwenye simu zinakupa makadirio ya kutosha, ila ujue luksi ni kipimo kilichotengenezwa kwa jicho la binadamu, ambalo linapenda kijani. Taa nyekundu inaweza kusoma luksi 300 na uyoga ukabaki kama uko gizani.

Kwa hilo la taa, jibu ni rahisi kuliko matangazo. LED nyeupe ya kawaida ndani yake ni kijitaa cha buluu cha nanomita 450 hivi, kilichopakwa unga wa njano ili macho yetu yaone nyeupe. Buluu inayohitajika imo tayari. Chagua ile nyeupe ya baridi, iliyoandikwa 6500K kwenye boksi. Ile ya manjano ya 2700K au 3000K ina buluu kidogo. Banda la mita 3 kwa 4 lenye kuta zilizopakwa chokaa linatosheka na tyubu mbili za LED za wati 18, na kama dirisha la mchana linafanya kazi yake, huhitaji hata hizo. Taa za zambarau zilitengenezwa kwa ajili ya mimea: nyekundu yake, ambayo ndiyo sehemu kubwa, kwa mamama ni umeme unaochomwa bure. Balbu ya zamani ya waya hutoa joto jingi na buluu haba. Koroboi iache kabisa. Mbali na mwanga wake wa manjano, moshi unaharibu uyoga.

Kosa linalosumbua zaidi ni kutotofautisha njaa ya mwanga na njaa ya hewa. Zote mbili zinarefusha shina na kudumaza kofia, na kwa maoni yangu wengi wanaonunua taa walihitaji kufungua dirisha. Utandu unapumua kama sisi na kutoa kaboni dayoksidi. Ikizidi sehemu 1,000 kwa milioni, mamama huanza kurefuka. Angalia tako la shina. Likiwa na manyoya meupe kama pamba, shuku hewa. Angalia mwelekeo: mashina yakiwa yameinamia upande mmoja, wote wakitazama dirishani, mwanga ni mdogo au unatoka upande mmoja. Angalia rangi pia, kwani kofia iliyopauka kwenye aina ya kijivu mara nyingi inadai mwanga, ingawa joto likizidi nalo hupausha. Ukibaki na shaka, badilisha kitu kimoja tu. Fungua matundu ya hewa siku mbili bila kugusa taa, tazama vichwa vipya vinavyotoka. Ukibadilisha vyote kwa pamoja utapona bila kujua ulikuwa unaumwa nini.

Unaweza pia kujaribu rangi mwenyewe. Boksi mbili za katoni, kila moja na dirisha. Moja lifunikwe kwa nailoni nyekundu ya kufungia zawadi, tabaka tatu, lingine nailoni ya buluu. Ingiza mfuko mmoja mmoja ulioiva. Boksi zitobolewe matundu ya hewa upande wa chini wenye kivuli, la sivyo kaboni dayoksidi itakudanganya na utailaumu rangi. Mfuko wa buluu utatengeneza kofia. Wa nyekundu utafanana na wa stoo.

Kuna lawama nyingine ambayo mwanga hubebeshwa bure: ukungu wa kijani. Mkulima anatoa mifuko myeupe chumba cha giza, siku ya pili mitatu imekuwa kijani, anasema mwanga umeleta ugonjwa. Ilikuwa mgonjwa tangu gizani. Trichoderma nayo ina utandu mweupe, unaofanana na wa uyoga usipotazama kwa makini, na kijani ni rangi ya spora zake. Kengele ya buluu humwamsha naye: mwanga wa muda mfupi tu unatosha kumfanya atoe duara la spora siku moja au mbili baadaye, kwenye ukingo alipokuwa amefika wakati anaangaziwa. Hata kumjeruhi kunamfanya atoe spora. Kwa hiyo kagua ukiwa chumba cha giza. Tafuta doa jeupe kupita jirani zake, laini kama unga; aina nyingine hunukia nazi. Mfuko huo utoe umefungwa, usiufungulie bandani. Kisha rudi kwenye chanzo, ambacho karibu kila mara ni mabua yaliyopata joto pungufu: yanatakiwa yakae nyuzi 65 hadi 80 kwa saa moja hadi mbili, katikati ya rundo, si pembeni ya pipa unapogusa kwa mkono.

Imani ya kwamba taa ya buluu inaua ukungu ukutani au kwenye mahindi inatokana na kuichanganya na UV. Taa za kuua vijidudu hutoa UV ya nanomita 254, miale isiyoonekana inayounguza macho na ngozi. Mng'ao wa samawati unaouona ni mabaki tu. Balbu ya buluu ya mapambo haina uwezo huo. Ipo buluu kali ya maabara inayoua baadhi ya kuvu, lakini kwa nguvu ambayo huwezi kuipata kwa taa ya chumbani. Na mahindi yaliyokwisha kupata sumukuvu hayasafishwi na mwanga wa rangi yoyote.

Na lile la zao la giza lilianzia wapi? Kuna uyoga linaouhusu kweli. Ule mweupe wa mviringo unaowekwa kwenye pizza, Agaricus bisporus, huzaa gizani bila shida. Karne ya 19 Wafaransa waliulima kwenye machimbo ya mawe chini ya Paris. Enoki, ule mwembamba kama tambi kwenye supamaketi, hunyimwa mwanga na hewa kwa makusudi ili ubaki na shina refu na kofia kama kichwa cha kiberiti. Huko kasoro ya stoo yetu ndiyo bidhaa.

Mfuko wa stoo bado una faida. Vijiti vyake vinalika vikiwa vichanga, ingawa ni vigumu kidogo kutafuna na soko halivitaki. Vikate vyote hadi kwenye tako, usiache visiki vikaoza, uhamishie mfuko bandani na unyunyizie kuta na sakafu maji badala ya kumwagia tundu lenyewe. Ukiwa bado na nguvu, mchipuo unaofuata huja ndani ya wiki moja au mbili, na safari hii una kofia.